Kabla ya chumba juu ya maji, uliza utafikaje

SWALI: Mwanangu, nakuandikia kutoka Katubuka, Kigoma. Mimi na baba watoto tunatimiza miaka 30 ya ndoa mwezi wa kumi na moja. Watoto wamechanga, wanataka twende Maldivi siku tano, hoteli ya kisiwani, zile za nyumba juu ya maji. Binti ametutumia picha za hoteli kumi na nne, na mimi naona zote ni moja: maji ya kijani, kitanda cheupe, bembea. Baba yao ni mstaafu wa reli, magoti yanamsumbua, na vindege vidogo havitaki kabisa. Pombe hatunywi. Fedha ipo ila si ya kuchezea. Tuchagueje?

JIBU: Shikamoo mama, na baba mfikishie shikamoo yake. Hongereni sana kwa miaka thelathini, na hao waliochanga Mungu awazidishie.

Nilifanya kazi Maldivi miaka sita kabla ya kurudi hapa Mwanga, mjini Kigoma, kuwakatia watu tiketi za safari. Nilikuwa mapokezi, na mapokezi ya hoteli ya kisiwani maana yake ni kusimama gatini na sinia la taulo baridi, unangoja boti. Ukisimama pale miaka sita unajua kusoma nyuso. Kuna mgeni anashuka anacheka, na kuna mgeni anashuka amenuna hata hoteli hajaiona, na huyo hata umpe chumba cha mfalme hapoi mpaka kesho yake mchana. Kilichomnunisha, karibu kila mara, ni kile kipande cha mwisho cha safari, kutoka uwanja wa ndege wa Malé, mji mkuu wao, mpaka kisiwani. Chumba alikilipia fedha nyingi, lakini atafikaje hakuuliza.

Kwa hiyo hizo picha kumi na nne mwambie binti aziweke pembeni. Ni picha za vyumba, na chumba tutakichagua mwisho.

Maldivi ni visiwa kama 1,190, na karibu vyote ni vidogo, vingine unavizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Vimekaa katika makundi 26 yenye umbo la pete, na pete hizo ndizo zinaitwa atoli. Neno lenyewe dunia ililichukua kwao, kwa Kidivehi, lugha yao, wanasema atholhu. Zamani sana katikati ya kila pete palikuwa na mlima wa volkano. Mlima ukazama polepole, matumbawe yaliyouzunguka yakaendelea kujijenga kuelekea juu kwenye mwanga, mlima ukapotea na pete ikabaki. Ndivyo alivyoeleza Charles Darwin mwaka 1842. Ndani ya pete maji yametulia, kina ni cha makumi ya mita tu. Nje ya pete bahari inadidimia ghafla, kama pale kwetu unapotoka ufukweni hatua chache na ziwa limeshakuwa jeusi.

Mpango wao wa utalii ni kisiwa kimoja hoteli moja. Walianza mwaka 1972 na Kurumba, karibu na Malé, na sasa hoteli za namna hiyo zimepita 160. Maana yake, mama, ukishashuka umeshuka. Hakuna kutoka jioni kwenda kula mgebuka wa kukaanga kwa jirani kwa sababu wa hotelini ni ghali. Hakuna duka la ng'ambo ya barabara. Ni kama kushushwa Mahale, boti ikageuka ikaondoka: wenyeji wako ndio soko lako, daktari wako na usafiri wako. Sisi wa mwisho wa reli hili halihitaji maelezo marefu. Kutoka Dar mpaka Kigoma nauli inajulikana. Kizungumkuti kinaanza Kibirizi, unapouliza boti ya kwenda kijiji fulani, ukaambiwa ya abiria imeshaondoka, labda ukodi yako peke yako.

Kibirizi ya Maldivi iko uwanjani Malé, na njia za kutoka pale ni tatu.

Ya kwanza ni boti ya kasi. Hii ni kwa visiwa vilivyo karibu, kwenye atoli ya Malé Kaskazini na ya Kusini. Unatoka nje ya jengo, gati liko mbele yako, baada ya nusu saa au saa moja umefika. Inafanya kazi hata usiku na ni nafuu kuliko nyingine. Ubaya wake ni mawimbi: upepo ukiwa mkali boti inapiga maji kama inagonga sakafu, na goti bovu litasikia kila pigo. Muombee baba kiti cha nyuma, mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Ubaya wa pili, visiwa vya karibu vinaona taa za mji, na baadhi vinapakana na ujenzi au na Thilafushi, kisiwa cha kutupia taka za Malé. Hoteli haitakupa picha ya upande huo.

Ya pili ni ndege ya majini. Ni Twin Otter yenye maboya badala ya magurudumu, inabeba watu kama kumi na watano, na rubani mara nyingi yuko pekupeku. Nasema kweli, pekupeku. Ukiwa juu unaziona zile pete zote chini yako, na hakuna picha inayofikia hilo. Kwa vijana ningesema wapande bila kufikiri. Lakini kelele ni kubwa, kiyoyozi hakuna, mzigo ni kilo 20 na mkoba wa kilo 5, ukizidisha unalipia kila kilo. Na mara nyingine inatua katikati ya maji kwenye jukwaa la mbao linaloelea, likicheza, nawe unashuka kwa ngazi nyembamba ya chuma. Hapo nimewaza magoti ya baba, mama, nikasema hapana. Hata bila hofu yake, hapana.

Kisha kuna jambo la saa. Ndege za majini haziruki gizani. Ndege yako ya kimataifa ikigusa Malé baada ya saa tisa na nusu alasiri, ujue umechelewa; utalala mjini kwa gharama yako, na ule usiku wa hotelini uliokwisha kulipia unapita kitanda kikiwa kitupu. Hili mimi mwenyewe lilinipata, na kosa lilikuwa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kukata tiketi nilimpeleka bwana mmoja wa Tabora, mfanyabiashara wa asali, na mkewe. Niliona tiketi rahisi inayofika "17.10", furaha ya bei ikanipofusha, nikaisoma kichwani kama ni mchana bado. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni! Walipotoka nje gati la ndege za majini limeshafungwa. Alinipigia na kuniuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, tulale wapi?" Upole ule ndio ulioniumiza. Nililipa chumba cha Hulhumalé, mji ulio jirani na uwanja wa ndege, mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo kila saa ya ndege naiandika mara mbili, ya kwao na ya kwetu.

Na kuna saa ya tatu. Malé iko saa mbili mbele yetu, halafu hoteli nyingi za visiwani husogeza saa zao mbele saa moja nyingine ili wageni wapate jua refu zaidi jioni. Ukiambiwa boti inaondoka saa fulani, uliza: kwa saa ya kisiwa au ya Malé?

Njia ya tatu ndiyo nataka muifikirie. Unapanda ndege ya kawaida ya ndani, ya magurudumu, inayotua kwenye kiwanja cha atoli, halafu boti fupi mpaka hotelini. Ni mapangaboi ya aina ileile baba anayoijua hapa uwanjani kwetu, si kile kindege anachokiogopa. Zinaruka mpaka usiku. Kwa atoli ya Baa, kaskazini-magharibi ya Malé, kiwanja kiko Dharavandhoo, mwendo wa kama dakika ishirini hewani, na hoteli kadhaa ziko karibu na hapo kwa boti. Hasara yake ni kungoja: mzigo unaupokea Malé, unaupeleka tena jengo la safari za ndani, unakaa pengine saa mbili tatu. Muulizeni anayewauzia kama hoteli ina chumba chake cha kusubiria. Nyingi zinacho, na chai ipo.

Atoli za kusini kabisa, kama Addu, ni nzuri na zina utulivu wake, ila kwa siku tano mnakwenda kuzila njiani. Hesabu kutoka Kigoma: ndege ya Dar, kulala Dar, Dar mpaka Doha au Dubai saa tano na nusu hivi au sita, kungoja, kisha saa nne au tano nyingine mpaka Malé. Hapo kwenye kulala Dar naomba msinibishie. Tiketi ya Kigoma na ile ya kimataifa zikinunuliwa mbalimbali, ya kwanza ikiahirishwa ya pili haikungoji na hakuna wa kukurudishia. Usiku mmoja kwa ndugu Dar ni bima ya bei nafuu. Kwa kutoka Dar, chagueni ndege inayotua Malé asubuhi. Kwa jumla tengeni siku nane au tisa ili zile tano ziwe tano kweli.

Sasa kisiwa chenyewe. Mwambie binti afungue ramani ya setilaiti kwenye simu, aandike jina la kisiwa, akivute karibu. Picha hiyo haijapambwa na mtu. Atazame rangi za maji kuzunguka mchanga. Akiona kijani-maziwa pana, mwendo mrefu mpaka rangi ibadilike, hayo ni maji ya kina kifupi juu ya mchanga: mazuri ya kuoga na kutembea, maji ya kifuani yaliyotulia, lakini samaki hakuna. Akiona kijani kimekuwa utepe mwembamba halafu ghafla bluu nzito, basi mwamba wa matumbawe uko karibu na ufukwe, na mtu mwenye miwani na mrija anaogelea dakika mbili tu anaona kasa. Visiwa vizuri kuliko vyote vina yote mawili, upande huu mchanga na ule mwamba. Aangalie pia miti. Kisiwa cha asili kina kijani kizito katikati; kilichojengwa kwa mchanga uliofyonzwa baharini kina minazi iliyopangwa kwa mistari kama magwaride, na kivuli hakuna. Malé iko kama nyuzi nne kaskazini ya ikweta, sisi karibu tano kusini. Jua ni lilelile, ila kule linakupiga kutoka juu na linarudi tena kutoka kwenye mchanga mweupe. Kivuli ni mali.

Habari ya matumbawe niiseme bila kuficha. Bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, tena 2016, tena 2024, matumbawe mengi yalipauka na mengine yakafa. Samaki bado wapo, wengi tu, lakini yale mashamba ya rangi yaliyo kwenye matangazo pengine yalipigwa picha miaka mingi iliyopita. Andikieni hoteli muombe picha ya mwamba wa mwaka huu. Jibu litawaambia mengi, hata likichelewa.

Ndipo tunafika kwenye chumba. Najua watoto wanataka picha ya mama na baba juu ya maji. Nyumba hizo zimesimama kwenye nguzo, zimeunganishwa na gati la mbao ambalo laweza kuwa refu kuliko kutoka stesheni ya reli ya Kigoma mpaka bandarini. Kuna vigari vya umeme vya kubeba wageni, lakini unapiga simu na unangoja. Kuingia baharini ni kwa ngazi iliyosimama wima, vipago vyembamba, vya mwisho vina utelezi. Usiku mawimbi yanapiga chini ya kitanda. Wengine wanaupenda mlio huo. Wengine walikuwa wananijia saa nane usiku kuuliza kama kuna chumba cha nchi kavu.

Kwenu ningechagua nyumba ya ufukweni: unafungua mlango, hatua kumi za mchanga, bahari, na miguu inaingia polepole bila ngazi. Kwa kawaida ni nafuu pia. Kama watoto watang'ang'ania, hoteli nyingi hukubali siku nne ufukweni na usiku mmoja wa mwisho juu ya maji, na wahudumu wanahamisha mizigo wenyewe. Picha wapate, na baba alale.

Halafu mtaona maneno "upande wa machweo" na bei imeongezeka. Mama, wewe unakaa Kigoma. Jua linazama upande wa Kongo juu ya maji kila siku ya Mungu, ukikaa Bangwe unalitazama bure. Chukueni upande wa mawio. Ni rahisi zaidi, na alasiri baraza inakuwa na kivuli.

Fedha. Hapa ndipo watu wazima nimewaona wakitokwa jasho ndani ya kiyoyozi. Bei ya kwanza unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ya chumba kitupu. Juu yake kuna asilimia 10 ya huduma. Juu ya jumla hiyo kuna kodi ya utalii, asilimia 17 tangu Julai 2025. Halafu kodi ya mazingira, dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku tangu Januari 2025. Tufanye mfano: chumba dola 600 kwa usiku. Huduma 60, imekuwa 660. Kodi ya asilimia 17 ni dola 112 na senti kidogo, imekuwa 772. Mazingira kwa watu wawili 24, tuko 796. Kwa siku tano, zile 3,000 ulizoziona kwenye picha zimekuwa 3,981. Bado usafiri wa kisiwani. Ukiwa dola 500 kwa kila mmoja, kwenda na kurudi, na ndege za majini hufika huko, tuko 4,981. Na hakuna aliyekula bado.

Kwa hiyo anayewauzia, awe mimi awe mwingine, mwambieni neno moja: "Tupe bei ya mwisho, watu wawili, kodi zote, usafiri wa kisiwani, na chakula." Akianza kuzungukazunguka, badilisheni duka. Kodi ya kuondokea nchini msiihangaikie, imo ndani ya tiketi ya ndege, japo nayo si ndogo.

Kwenye chakula kutokunywa kwenu kuna faida yake. Hoteli zitawasukumia mpango wa "kila kitu ndani", na sehemu kubwa ya hicho "kila kitu" ni pombe. Mtakuwa mnawalipia Wazungu bia. Ombeni milo mitatu bila vinywaji, na mwulize maji ya kunywa ni bure au ya kulipia. Hoteli nyingi sasa zinasafisha maji zenyewe na kuyaweka chumbani kwenye chupa za kioo. Milo miwili inaonekana nafuu, lakini mchana njaa ikiuma sandwichi moja inaweza kuwa dola 30, na hamna pa kukimbilia.

Chakula chao hakitawapa tabu. Asubuhi tafuteni kona ya wenyeji, kuna mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, vimevurugwa kwa mkono, vinaliwa na roshi, ambayo ukiiona utasema ni chapati iliyosahau mafuta. Mimi nilikula hiyo miaka sita na bado naiota. Nyama ya nguruwe ikiwepo huwekwa mbali na kuandikwa. Nchi nzima ni Waislamu tangu mwaka 1153, na hoteli karibu zote zina msikiti wa wafanyakazi. Baba akitaka kuswali jamaa hakuna atakayemzuia, aulize tu mapokezi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, miaka kumi na miwili baadaye alikuwa kadhi hukohuko Maldivi, kwa hiyo si nchi ngeni kwetu kama picha zinavyotaka tuamini. Ila pombe au nyama ya nguruwe msibebe hata kama ni zawadi ya mtu; mizigo inapigwa picha uwanjani.

Msimu. Kaskazi yetu nao wanayo, wanaiita iruvai: takribani Desemba mpaka Aprili, bahari shwari, mvua chache, bei juu. Upepo wa kusini-magharibi, hulhangu, unatawala Mei mpaka Novemba, na hapo bei zinashuka. Tazama ilivyo kinyume na kwetu, masika yakitukamata Kigoma huko ni kiangazi. Novemba yenu iko mlangoni, upepo unageuka. Mtapata siku safi na mtapata mvua ya muda wa saa mbili ikipiga mabati ya mbinguni, kisha jua. Kwa bei yake mimi naona ni mwezi mzuri. Ikiwezekana iwe wiki ya mwisho. Msisogeze mpaka Krismasi: chumba kinapanda sana, na kuna mlo wa sikukuu ambao unalipishwa utake usitake.

Baa ina kitu kingine. Ndani ya atoli hiyo kuna ghuba inaitwa Hanifaru, na kati ya Juni na Novemba taa wakubwa hukusanyika pale kula vijidudu vya baharini. Taa ni samaki bapa kama mkeka, na hawa wa Hanifaru wana mabawa yanayopita urefu wa mtumbwi wa mvuvi wa pembezoni. Mwiba hawana. Unaruhusiwa kuogelea na mrija tu, pamoja na mwongozaji. Mnaweza kuwahi mwisho wa msimu wao. Baba anaweza kubaki botini akiwaona wanavyogeuza matumbo meupe juu ya maji. Atoli nzima iko kwenye orodha ya hifadhi hai za UNESCO tangu 2011.

Makaratasi ni mepesi. Viza wanagonga uwanjani bure, siku 30, kwa pasipoti ya karibu nchi zote. Mwe na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli. Ndani ya saa 96 kabla ya kuruka mnajaza fomu yao ya mtandaoni iitwayo IMUGA. Ni bure, na anayewatoza fedha kwa ajili hiyo ni tapeli. Bebeni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu mnatoka Afrika. Kama hamjachanjwa, ifanyike siku kumi au zaidi kabla ya safari. Kadi ya benki iwe imefunguliwa kwa malipo ya nje, na benki iambiwe mnakwenda wapi, maana hoteli huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi siku ya kufika. Na bima ya safari inayogharimia kumtoa mgonjwa kisiwani. Daktari wa hoteli yupo, ila yupo kwa ngozi iliyoungua na jua na miguu iliyochubuka.

Utaniuliza, mwanangu, kwa nini usitupeleke Shelisheli, ni karibu zaidi? Mahé na Praslin ni visiwa vya mawe ya granaiti, si atoli. Atoli zao za hoteli, kama Desroches na Alphonse, zinafikika kwa ndege ndogo kutoka Mahé, na hapo baba ameshakataa. Polinesia ya Ufaransa ni kuzunguka nusu ya dunia. Na kama siku moja mtataka matumbawe bila pasipoti, Mafia ipo, ina papa potwe kuanzia Oktoba. Lakini watoto wamesema Maldivi, na mchango wa watoto haugeuzwi.

Kwa hiyo binti anitumie majina yaliyobaki baada ya kutazama ramani, nadhani hayatazidi manne. Mimi nitaziandikia hoteli hizo kuuliza mambo mawili tu: picha ya gati mgeni anaposhukia, na idadi ya ngazi kutoka botini mpaka mlango wa chumba. Kuna moja ya Baa niliyowahi kufika, gati lake liko usawa wa boti, unavuka kama unapanda daladala. Nitaanza na hiyo.